Hiyo ya "Wote Walikula" Mimi Siikubali

Kwa fundi wa baiskeli wa zoni yetu, pale karibu na bomba la maji, kuna bangili ya mpira ya njano imetundikwa kwenye msumari. Imefifia, maandishi yake nusu yamefutika. Mimi pia niliwahi kuvaa ya namna ile nikiwa darasa la tatu. Zilikuja ndani ya robota la mitumba, tukazigombania kama pipi bila kujua zimetoka wapi. Zilitoka kwa Lance Armstrong, yule Mmarekani aliyepona kansa akaja kushinda Tour de France mara saba mfululizo, 1999 mpaka 2005. Bangili zilianza kuuzwa 2004 kwa ajili ya shirika lake la wagonjwa wa kansa, na ziliuzwa kwa mamilioni. Mtoto wa kambini alivaa mkononi ahadi ya mtu asiyemjua, na mtu mwenyewe alikuwa anadanganya.

Fundi hajaitoa. Ukimwuliza anasema, "Bingwa ni bingwa."

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika. Si unajua tena, Kigali kwetu si mbali, wengine kati yetu walipita huko wakikimbia. Tulichanga pesa ya bando, vijana kumi na tano kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, tukaangalia wanaume wakipanda na kushuka vile vilima, kilomita 267.5. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake mbali, akabaki anaendesha peke yake kama mtu anayekwenda dukani. Hapo mmoja wetu akasema, "Huyu naye anakula." Maana yake anakula dawa. Fundi akacheka. "Kwani nani hakula? Wote walikula tangu zamani. Ndiyo maana mimi nasema, Armstrong arudishiwe vikombe vyake saba. Kama wote walikula, aliyeshinda ni mshindi." Vijana wakapiga makofi.

Mimi ndiye mhamasishaji wa vijana pale. Napewa posho kila mwezi ili niwaambie vijana maneno ya maana. Siku ile nilinyamaza, na nilikuwa na sababu ya kunyamaza ambayo nitaisema kabla sijamaliza. Ila kwanza nimjibu fundi, maana ni mzee wangu na ninamheshimu, na mimi nikimheshimu mtu nabishana naye.

Nianze kwa kukubali. Historia anayoisema fundi ni ya kweli. Mwaka 1924, Henri Pélissier, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda Tour de France, aligombana na wasimamizi juu ya fulana alizovaa, akaacha mashindano yeye na mdogo wake Francis. Wakakaa mkahawani katika mji wa Coutances, wakamfungulia mifuko yao mwandishi wa habari Albert Londres: kokeini ya kuweka machoni, klorofomu ya kupaka ufizi, na vidonge vya kila aina. Hiyo ni miaka mia moja iliyopita.

Baada ya hapo wakaja Waitaliano, Gino Bartali na Fausto Coppi. Nchi nzima iligawanyika: nyumba hii ya Bartali, nyumba ile ya Coppi, kama vile kwetu watu wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga, au kwa Mazembe na Vita Club. Bartali alikuwa mtu wa sala, na alimshuku mwenzake mpaka akawa anapekua chumba cha Coppi hotelini kutafuta chupa. Coppi mwenyewe hakuficha sana. Alipoulizwa kwenye televisheni alijibu kwamba anatumia pale inapolazimu, na inalazimu karibu kila wakati. Watu wakacheka, kwa sababu Coppi alipendwa. (Huyu Coppi, bingwa wa mabingwa, hakuuawa na dawa. Aliuawa na malaria. Alikwenda Burkina Faso mwisho wa 1959, akarudi Italia anaumwa, madaktari wake hawakuitambua, akafa tarehe 2 Januari 1960 akiwa na miaka 40. Ugonjwa ambao hapa mama yeyote angeutaja akiwa bado mlangoni.)

Akaja Jacques Anquetil wa Ufaransa, Tour tano, ambaye alisema waziwazi kwamba watu wasidhani mtu anaweza kuendesha vile kwa maji matupu. Mpinzani wake alikuwa Raymond Poulidor, mtoto wa wakulima, aliyependwa na Ufaransa nzima lakini hakuwahi kuvaa jezi ya njano hata siku moja. Mwaka 1964 alimkosa Anquetil kwa sekunde 55 tu. Vipimo vya mkojo vilipoanza kwenye Tour ya 1966, wa kwanza kupimwa alikuwa huyo Poulidor. Kesho yake waendesha baiskeli waligoma, wakashuka wakatembea kwa miguu huku wanasukuma baiskeli zao, eti heshima yao imevunjwa. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson, bingwa wa dunia wa 1965, alianguka kwenye mlima Ventoux kwenye jua kali akafa. Amfetamini zilikuwa mwilini mwake na mfukoni mwa jezi yake.

Na mwaka 1978 Mbelgiji Michel Pollentier, akiwa ndiyo kwanza ametwaa jezi ya njano kule Alpe d'Huez, aliingia chumba cha kupimwa na mpira umefichwa kwapani, ndani yake mkojo wa mtu mwingine, na mrija unashuka chini mpaka mahali unapopajua. Walimfukuza. Vijana wa kituoni nikiwasimulia hii wanaanguka kwa kicheko, na mimi nacheka nao.

Kwa hiyo fundi, historia unayo. Tatizo langu ni kile unachokifanya nayo. Wewe unaishika kama risiti: kwa kuwa Pélissier alikunywa, Coppi ana ruhusa. Kwa kuwa Coppi alikunywa, Anquetil ana ruhusa. Kila kizazi kinaonyesha risiti ya baba yake. Na ukifika kwa Armstrong, risiti imekuwa ndefu kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena bei ni nani aliyelipa.

Neno "wote" lina uongo mara mbili. Uongo wa kwanza ni kwamba eti wote wakila, uwanja unakuwa sawa. Hapana. Miaka ya zamani ya Coppi na Anquetil walikula vitu vya kufukuza uchovu na usingizi, vitu vya hatari, lakini punda alibaki punda na farasi akabaki farasi. Miaka ya 1990 ikaja EPO. Hiyo ni dawa ya hospitali, ilitengenezwa kwa wagonjwa wa figo. Inauambia mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, na chembe nyekundu ndizo zinazobeba hewa ya oksijeni kwenda kwenye misuli. Sasa sikiliza hapa. Chama cha baiskeli cha dunia hakikuwa na kipimo cha EPO, kwa hiyo 1997 kiliweka mpaka tu: damu yako isizidi asilimia 50 ya chembe hizo. Mtu aliyezaliwa na asilimia 41 alikuwa na nafasi kubwa ya kupanda mpaka pale juu. Mtu aliyezaliwa na 48 alipata kidogo tu. Ukiongeza hapo kwamba miili haiipokei dawa kwa namna moja, na kwamba aliyekuwa na pesa alimlipa daktari wa kumhesabia kipimo na saa ilhali asiye na pesa alijidunga kwa kubahatisha hotelini, uwanja sawa uko wapi? Bjarne Riis wa Denmark alishinda Tour ya 1996 na kukiri 2007. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia Riis bila dawa angekuwa wa ngapi. Hata Riis mwenyewe hawezi.

Hata hao waliokula, wewe unawaona ni washindi? Marco Pantani, yule Muitaliano mdogo wa kilemba kichwani aliyepanda milima kama mbuzi, alishinda Giro na Tour mwaka mmoja, 1998. Tarehe 5 Juni 1999 alitolewa kwenye Giro asubuhi pale Madonna di Campiglio, akiwa anaongoza, damu yake imevuka mpaka. Hakuinuka tena vizuri. Alikutwa amekufa kwenye chumba cha hoteli mjini Rimini tarehe 14 Februari 2004, kokeini. Miaka 34. Jan Ullrich wa Ujerumani alishinda 1997 kisha akawa wa pili nyuma ya Armstrong mara tatu, akaja kuharibikiwa na pombe na dawa mbele ya nchi nzima. Nikisikia mtu anasema "wote walikula, wote sawa", nawaona hao wawili.

Uongo wa pili ndio unaoniuma. Si wote.

Christophe Bassons alikuwa kijana Mfaransa katika timu ya Festina, ile timu ambayo gari lake lilikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa Julai 1998 limejaa dawa kama duka la mganga. Polisi walipowahoji waendesha baiskeli wa timu hiyo, wenzake wenyewe walisema: huyu Bassons hakutumia. Mwaka uliofuata alikwenda Tour na timu nyingine, na akawa anaandika makala gazetini. Aliandika kwamba kundi zima limeshtushwa na mwendo wa Armstrong. Basi tu. Hakumtukana mtu.

Kwenye hatua ya kwenda Alpe d'Huez, Bassons alijaribu kutoka mbele. Kundi likamkimbilia, na Armstrong mwenyewe, mwenye jezi ya njano, akaja kando yake akamwambia maneno anayoyaandika si mazuri kwa mchezo, na kama ana mawazo hayo bora aende nyumbani. Siku hizo hakuna aliyeongea naye. Hata watu wa timu yake walikula naye meza moja wakamtazama kama chumba ni kitupu. Hakuvumilia, alifunga begi akaondoka kabla ya mashindano kuisha. Mwaka 2001 aliacha kazi hiyo kabisa.

Fikiria hapo, ndugu msomaji. Bassons hakuondolewa na dawa, wala mlima haukumshinda. Aliondolewa na ukimya wa watu kama mia na hamsini ambao kila mmoja kichwani mwake alikuwa anasema "si wote wanafanya?"

Mwaka 2004 ikawa zamu ya Filippo Simeoni, Muitaliano ambaye alikuwa ametoa ushahidi mahakamani dhidi ya daktari Michele Ferrari, daktari wa Armstrong. Hatua ya 18, Simeoni anajaribu kulifuata kundi dogo lililotangulia. Halikuwa jambo la kumtisha bingwa hata kidogo, Simeoni alikuwa nyuma sana kwenye hesabu ya jumla. Armstrong, na jezi yake ya njano, akamfukuza yeye binafsi mpaka wale wa mbele wakamsihi Simeoni arudi ili wao waachiwe. Wakarudi pamoja kwenye kundi, na Armstrong akafanya mbele ya kamera ishara ya kufunga zipu mdomoni.

Kuna na mwanamke katika habari hii, na wanaume mnaobishana pale kwa fundi hamumtaji kamwe. Emma O'Reilly, mwana wa Ireland, alikuwa akiwakanda misuli waendesha baiskeli wa timu ya Armstrong, kuwafulia, kuwapangia chakula. Kazi ya chini, ya kuonekana pale tu inapokosewa. Alisema aliyoyaona, pamoja na ile ya 1999, Armstrong alipokutwa na alama za dawa ya steroidi na cheti cha daktari kikatengenezwa na tarehe ya nyuma, eti ni mafuta ya kupaka vidonda vya makalio. Walimshtaki, wakamwita kahaba na mlevi. Greg LeMond, Mmarekani wa kwanza kushinda Tour, mara tatu, alipouliza mwaka 2001 ni kwa nini Armstrong anashirikiana na yule Ferrari, alilazimishwa kuomba radhi hadharani na mwishowe biashara yake ya baiskeli ikafa. LeMond alikuwa na jina na nyumba. Emma alikuwa na mikono yake.

Januari 2013 Armstrong alikwenda kukiri kwa Oprah. Vikombe vilikuwa vimeshachukuliwa miezi mitatu nyuma, baada ya watu 26 kutoa ushahidi, 15 kati yao waendesha baiskeli. Nitakwambia fundi kilichonishangaza nilipoitazama. Alikiri halafu akasema wakati ule hakuona kama anadanganya, kwa sababu aliona uwanja ni sawa. Maneno yako wewe, fundi, neno kwa neno, ulishayasikia kwake. Hiyo "wote walikula" hukuigundua wewe pale kwenye kigoda chako. Ni wakili wa bingwa aliyekuachia uiseme kwa niaba yake bure.

Na usiniambie alipimwa mara mamia hakukamatwa. Kipimo cha EPO hakikuwepo mpaka mwaka 2000 na kitu. Mikojo ya Tour ya 1999 ilikuja kupimwa baadaye, gazeti la L'Équipe likachapisha habari 2005 kwamba EPO ilikuwemo. Chupa hazikumwangusha Armstrong. Waliomwangusha ni watu waliofungua mdomo.

Sasa kuna wasomaji, hasa ninyi wa mashirika, mnaojiuliza: huyu kijana ana jambo gani na baiskeli za Wazungu, wakati mgao umepunguzwa na vijana wake hawana viatu? Jambo lipo.

Deni la uongo halifi na aliyekopa, linahamia kwa mtoto. Chris Froome alizaliwa Nairobi 1985, alijifunza kuendesha kule Kikuyu na David Kinjah, akaanza akiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia Uingereza. Mwaka 2015, akiwa na jezi ya njano, mtu pembeni ya barabara alimmwagia kikombe cha mkojo na kumwita mla dawa. Ushahidi? Hakuwa nao. Alikuwa na kumbukumbu ya Armstrong, akaimwaga kwa aliyepita. Na Pogačar wetu wa Kigali: 2024 alipanda Plateau de Beille kwa muda ulio chini ya ule wa Pantani wa 1998 kwa zaidi ya dakika tatu. Hakuna kipimo kilichowahi kumkamata, wala mpinzani wake Jonas Vingegaard, na mimi simtuhumu. Baiskeli ni nyepesi zaidi, chakula chao cha barabarani kimebadilika, mazoezi pia. Inawezekana kabisa ni halali. Lakini kijana wa miaka 15 kwenye simu iliyopasuka hakufurahia hata dakika moja. Alisema "anakula", basi, akageuka pembeni. Furaha yake iliibiwa kabla hajazaliwa. Na waliokula jana ndio wakubwa wa leo: Riis aliongoza timu miaka mingi, na Alexandre Vinokourov, aliyefungiwa kwa kujiongezea damu 2007, ndiye bosi wa timu ya Kazakhstan. Hao ndio wanaomwambia kijana sasa hivi mambo ni safi.

Sisi wakimbizi tunalijua hilo deni. Mtu mmoja alinunua hadithi ya mwenzake akaenda kuisema kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Mwingine aliandikisha watoto wasiokuwepo kwenye kadi ya mgao. Tangu hapo mama yangu, ambaye hadithi yake ni ya kweli mpaka kwenye makovu, anaulizwa swali lilelile mara nne na mtu asiyemtazama usoni. Huwa anarudi nyumbani anasema, "Wananihoji mimi kwa makosa ya nani?" Froome angemwelewa.

Sasa nije kwenye ukimya wangu wa siku ile.

Mwaka jana kulikuwa na mashindano ya mpira ya vijana chini ya miaka 17, zoni kwa zoni. Mfadhili alitoa jezi na mipira. Mimi ndiye niliyejaza fomu ya timu yetu. Namba 10 wetu alikuwa na miaka 20, anajulikana, ana mchumba. Nikaandika 16. Kwa nini? Kwa sababu zoni ya pili walikuwa na kipa mwenye ndevu. Kwa sababu wote wanafanya. Nilisema maneno hayohayo, kwa sauti, mbele ya wachezaji, na nikacheka.

Tulikuwa na beki wa kulia, miaka 16 ya kweli, mtoto mpole. Namba 10 alipoingia, kijana mwingine wa umri halali alirudishwa benchi, na huyo alikuwa rafiki yake beki. Beki akaenda kwa mratibu wa mashindano akasema. Mratibu alikuja kuniuliza, nikakana, yeye akaandika kitu kwenye daftari na hakuna kilichofuata. Ninyi wa mashirika, na hili ni lenu: ripoti ya yale mashindano ilihesabu timu, ilihesabu washiriki, ilikuwa na picha nzuri sana za jezi mpya. Umri wa watoto ndilo lilikuwa lengo lenyewe la mashindano, na ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyekipima. Mnajua. Mnajua kama chama cha baiskeli kilivyojua. Kipa mwenye ndevu anaonekana hata kwa mtu aliye ndani ya gari.

Jioni yake niliita timu. Nikamsimamisha beki mbele ya wote nikamwita msaliti. Nikamtoa. Wenzake walimgeuzia mgongo mmoja mmoja, na mimi nilitazama nikaona ni nidhamu. Tulishinda lile kombe. Liko kituoni kwenye kabati, mnaweza kuja kuliona.

Kwa hiyo fundi aliposema "wote walikula" na vijana wakapiga makofi, ningesema nini? Habari za Bassons nilikuwa nimeshazisoma. Nilipozisoma mara ya kwanza nilimtafuta nani ni mimi katika hadithi ile, na sikuwa Bassons.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao beki. Mama yake akanikaribisha kwenye kigoda, akasema mtoto kaenda kutafuta kuni. Nikasubiri mpaka giza linaingia. Alipofika alitua mzigo, akanisalimia kwa heshima, "Shikamoo kocha," kama vile hakuna kilichotokea, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angenitukana. Nikamwomba msamaha. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kocha, msaliti uliniita mbele ya wote. Hili unakuja kuniambia gizani."

Ana haki. Jarida hili linasomwa zoni zote, na watu wa mashirika wanalisoma. Basi nasema hapa: beki wetu alisema kweli. Namba 10 alikuwa na miaka 20. Mwandiko kwenye ile fomu ni wangu, na kombe nitalirudisha kwa mratibu Jumatatu, saa tatu asubuhi. Fundi, njoo unisindikize.